Mtaro Uliokwepa Mawe ya Kale

Miaka ile ya hamsini, wanawake wa mtaa wetu wa Nakuru tulikuwa karibu kuota vipara kwa kubeba madebe ya maji. Tuliposikia bomba jipya linaletwa, nilipiga vigelegele kama niko arusini.

Bomba lingepita kilimani, ila huko kulikuwa na mawe na makaburi ya watu wa kale, watu ambao hakuna aliyejua hata walisalimianaje. Serikali ilikuwa imezungusha waya: marufuku kuchimba. Basi mtaro ukakata kona ukateremkia makaburi yetu Waislamu. Sisi hatujengi juu ya kaburi. La mtoto ni kituta na jiwe dogo, na kwenye udongo wetu mwepesi, mvua ikinyesha kituta kinalala. Aliyepima njia aliona uwanja mtupu.

Mwanangu wa kwanza alilazwa pale mwaka uliotangulia, hata kutambaa hajaanza. Kaburi lake sikuwahi kuliona, maana kwetu wanawake hatuendi kuzika.

Asubuhi moja jirani akaja mbio. "Mama, wamefukua! Upande wa watoto!"

Nilitoka bila viatu. Mume wangu alikuwa ameshafika, amesimama ukingoni mwa mtaro. Alilitambua jiwe aliloliweka kwa mkono wake. Chini yake, mifupa midogo mno.

Mzungu wa mambo ya kale, yule aliyechunguza mawe ya kilimani, alikuwa amepiga magoti mtaroni na brashi yake, uso umemchangamka. "Simama yote! Hapana chimba! Hii labda iko ya zamani sana." Nikajisemea, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mnyapara akamnong'oneza mume wangu. "Mzee, nyamaza tu. Akiamini ni ya zamani, mtaro utahamishwa."

Lakini yule Mzungu alikuwa tayari anaitisha sanduku, mifupa ipelekwe Nairobi ikaoshwe na kupimwa. Mume wangu, ambaye nyumbani haulizi mtu, akanigeukia. "Mama, tusemeje?"

Nikasema mwenyewe, kwa sauti. "Huyo ni mwanangu. Tulimzika mwaka jana."

Mzungu aliinuka, akapangusa magoti. Masikitiko niliyaona usoni mwake, na hayakuwa kwa ajili yangu.

"Ah. Hii hapana ya zamani. Pole, mama." Akatia brashi mfukoni, akawapungia vibarua mkono. "Basi. Endelea."

Na majembe yakainuka, mimi sijashuka bado kumchukua mwanangu.