Daktari wa Meno na Filamu Yake

Daktari wetu wa meno hungoja uachame kinywa ndipo aanze kuitetea ile filamu ya anga za juu ambayo mtaa mzima unaicheka. "Ni ndefu mno, nakubali," husema taratibu, akikugonga jino kwa kijichuma, "na roboti kulia machozi ni kituko. Lakini yule rubani anavyoendelea kuongea na mkewe, ilhali redio ilishakufa zamani! Haikukati maini?" Ukiguna "aah," huridhika.

Juzi nilitema maji nikamwambia, "Daktari, mimi niliipenda." Mikono yake yenye glavu ikaganda hewani. Akashusha barakoa. "Kweli, ndugu yangu? Mke wangu alitoka katikati, akanisubiri nje." Akavuta kiti, tukaizungumzia saa nzima, jino akalisahau. Nami, pamoja na maumivu yote, sikumkumbusha.