Bibi Kabula Kwenye Orodha ya Marejeo

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, naandika tasnifu kuhusu vyakula vya wakati wa njaa huku kwetu Shinyanga. Msimamizi wangu, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, alinirudishia rasimu bila saini.

"Waandishi wa vitabu umewataja mpaka kurasa," alisema. "Aliyekueleza habari za michembe umemwandika 'wazee wanasema.' Wazee gani? Hana jina? Bila jina lake sisaini, na mahafali utayasikia kwa wenzako."

Nilipanda basi kwenda Maganzo, kwa bibi aliyenieleza hayo, roho ikiwa juu juu. Bibi Kabula nilimkuta uani anaanika viazi vitamu alivyovikatakata, hiyo michembe yenyewe. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika jina lake, aliacha kazi akanitazama.

"Mimi nikae na maprofesa? Watanipisha?"

"Watakupisha, bibi. Wanapangwa kwa alfabeti."

Alicheka sana. Kisha akaniambia nimtaje na mama yake, Mbula, maana hayo yote aliyapata kwake. Nikaandika majina yote mawili, mahali na mwaka, na tasnifu ikasainiwa. Mimi nikadhani yameishia hapo.

Juzijuzi tu, uzee huu umeshanikuta, binti mmoja alibisha hodi kwangu hapa Nyasubi. Alikuwa ametoka Katoro, anasoma chuo, ameulizia mpaka akanipata.

"Shikamoo mama. Mimi ni mjukuu wa Bibi Kabula wa Maganzo. Alifariki sijazaliwa, na nyumbani hatuna hata picha yake. Nimemkuta maktaba, ndani ya tasnifu yako, anaongea."

Hebu fikiria, mwanangu. Mistari michache mwishoni mwa tasnifu imemfikisha mtoto kwa bibi yake, na kwa mama wa bibi yake! Sikujua kabisa kwamba jina linaweza kufika mbali hivyo.

Basi ukichukua neno la mtu, mtaje. Ukilinukuu kama lilivyo, weka alama za kunukuu na ukurasa. Ukilisema kwa maneno yako, bado ni lake, mtaje. Simu itakupangia orodha kufumba na kufumbua, lakini fungua kila chanzo kwa macho yako, maana simu hizo hutaja hata vitabu visivyopo.

Mungu akupe kalamu isiyomdhulumu mtu, na watoto usiowaona wakukute kwa jina lako.