Shamba Lililosafishwa kwa Ajili ya Serikali

Mvua ya mawe ilipiga mahindi ya Mama kule Ainabkoi mchana kweupe, yakiwa yameanza tu kubeba. Nilipofika kutoka Munyaka, mtaa wa mjini ninakoishi, mabua yote yalikuwa yamelala chini. Mama aliniambia kwamba bila mavuno hayo hana cha kununulia mbegu wala mbolea, na msimu ujao shamba litakaa bure. Tangu nizaliwe sijawahi kuona shamba la Mama likikaa bure.

Kisha redio ikatangaza fidia. Afisa wa serikali angepita boma kwa boma aone hasara kwa macho yake, na aliyeumia angelipwa. Nikarudi mjini nimefurahi. Mama naye akabaki na neno moja tu kichwani: mgeni anakuja.

Mama zetu wakisikia mgeni, ni kufagia uwanja na kuchinja jogoo. Sasa huyu alikuwa amesema anataka kuona shamba. Basi Mama akasafisha shamba. Aliita akina mama wa kanisa, wakang'oa kila bua lililovunjika, ng'ombe wakala, mabaki yakachomwa. Siku ya ukaguzi nilikuta mahali panafanana na uwanja wa shule siku ya michezo.

Afisa, kijana wa gambuti mpya za mpira, alitazama huku na huku.

"Mama, mahindi iliyoharibika iko wapi?"

"Nilitoa yote," Mama akasema kwa fahari. "Kwani nitakaribisha mtu wa serikali kwa takataka?"

"Lakini natakiwa kupiga picha."

"Si upige. Sasa ni safi."

Nikamwonyesha picha nilizopiga siku ya mvua. Akasema za wenyewe hazikubaliwi. Alituhurumia sana, na huruma hiyo haikumnyima hamu ya kula. Alimaliza mapaja yote mawili ya jogoo, akashushia na maziwa ya mursik, akasifu usafi wa boma, kisha akaandika kwamba hapa hakuna hasara. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alipona yeye.

Kutoka kwetu aliingia kwa jirani. Jirani huyo hakuhitaji mvua ya mawe. Shamba lake lilikuwa limeharibika tangu siku alipolirithi. Magugu yalimfika afisa kifuani. Alipiga picha mpaka simu ikazima.

Jirani akalipwa. Mama redio hakuiwasha tena. Mimi nilikuwa na hasira ya kutafuna jembe. Wakati wa kupanda ulipofika, trekta zilinguruma kila upande isipokuwa kwetu, na bado kila asubuhi Mama aliingia kwenye shamba lake tupu kung'oa magugu.

Jumamosi moja jirani alikuja na koti jipya, akavua kofia. Mama akamwekea chai. Alitaka kukodisha shamba letu msimu mmoja apande mahindi. Pesa anayo, akasema, serikali imemsaidia.

"Na lako je?" nikamuuliza. "Si upande huko?"

"Langu limejaa magugu," akasema bila aibu yoyote. "Hili la Mama ni safi. Hata halitaki kufyekwa."

Mama akamwongezea chai.