Gobore Ndani ya Mkeka

Hata leo naikumbuka asubuhi ile. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nimalize shule, karani na mkalimani katika boma la Shinyanga, nilipomwona baba mdogo akiingia uani na mkeka begani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka upande wa Kolandoto.

"Shikamoo mzee. Umehamia kwetu?" askari wa mlangoni alimtania.

"Marahaba. Nasikia nyumba za Serikali hazina vitanda."

Askari alicheka, akaupapasa mkeka. Akaacha kucheka.

Ndani mlikuwa na gobore la marehemu baba yangu. Kwetu, bunduki ya marehemu haioni jua mpaka mrithi ainyweshe pombe ya mtama, ndiyo maana baba mdogo aliifunga. Sheria ya Waingereza haikujua hayo. Kubeba bunduki bila kibali ni kosa, kuificha ni kosa juu ya kosa, na watu walifungwa kwa hilo.

Mkeka ulikunjuliwa barazani, juani, mbele ya bwana shauri, Mwingereza aliyeamua mambo ya boma. Gobore likatoka, na barua ikaanguka. Niliutambua mwandiko kabla haijafika chini. Ulikuwa wangu.

"Njoo bomani na bunduki upate kibali," nilikuwa nimemwandikia. Barua ile niliiandika upya mara nne, nikihangaika kama shikamoo mbili zinatosha, nikaweka tatu. Nikasahau kutia jina langu, na kumwambia aje kwanza mikono mitupu, aombe ruhusa ya kuileta.

"Nani aliyemwita?" bwana shauri aliniuliza, barua mkononi. Nikamtafsiria baba mdogo kwa Kisukuma.

Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Sema hakuna. Karatasi hiyo ni ya kusokotea tumbaku."

Niliwaza gereza, nikamwaza mama, nikauwaza mshahara wangu. "Anasema hakuna," nilitafsiri. Kisha nikaisikia sauti yangu ikiendelea: "Lakini barua ni yangu, bwana. Kosa ni langu."

Gobore lilizuiwa bomani. Baba mdogo aliachiwa kwa onyo. Mimi kufika adhuhuri sikuwa karani tena.

Tulirudi pamoja, yeye na mkeka wake mtupu. Nilingoja anilaumu, au anishukuru.

"Kifungo kingekwisha," alisema hatimaye. "Gobore la baba yako wamelilaza juani, hata kata moja ya pombe halijaonja."

Sikuwa nimefikiri kwamba yeye aliliogopa jua kuliko gereza.

"Utaandika barua nyingine, walirudishe," akasema. "Shikamoo weka moja."