Nakhungu Akataa Kufungua Spika

Kuna watu ambao "ndiyo" huwatoka kinywani kabla hawajaulizwa. Nakhungu hakuwa mmoja wao. Alizaliwa upande wa Kimilili, akaolewa Saboti, akafiwa na mume mapema, na tangu hapo amekula jasho la vidole vyake kwa kupiga chapa. Zamani alikuwa mpiga chapa wa chama cha wakulima wa mahindi kule Moi's Bridge. Siku moja mwenyekiti alimletea kumbukumbu za mkutano azichape upya, zionyeshe kwamba wanachama walikubali jambo ambalo walilikataa kwa kelele, yeye mwenyewe akiwa amekaa mle ndani. Nakhungu alizisoma, akazirudisha mezani.

"Walikataa, mwenyekiti," alisema. "Nilikuwa pale."

Hakumaliza mwezi. Watu wakamwita mjinga, na wengine wakasema kiburi ndicho kinachofukarisha wajane. Hakubishana nao. Alichukua mwavuli wake akaenda Kitale kutafuta meza nyingine.

Meza hiyo aliipata nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Harbhajan, katika ukumbi mrefu uliokatwa vyumba kwa mbao nyembamba zisizofika darini. Kulia kwake alishona Hesbon, fundi wa nguo na shemasi wa kanisa lake. Kushoto alisuka nywele Sally, mwanamke mcheshi kutoka milimani, ambaye habari ya mji ilipita kwake kwanza ndipo ikafika kwa wenyewe. Ukumbi ule ulikuwa na desturi yake: hakuna kufuli, wala hakuna "changu". Birika la Sally lilichemshia wote. Mkasi wa Hesbon ulikata nyuzi, karatasi na hata mkate. Mtu akihitaji kitu aliingia kwa jirani akakichukua, awepo mwenyewe au asiwepo. Ilikuwa desturi njema, na iliwasitiri wote watatu katika siku mbaya. Lakini desturi njema nayo ina mpaka, na wengi wetu huujua mpaka huo tukiwa tayari tumekwisha kuuvuka.

Kazi ya Nakhungu siku hizi ni ya masikio zaidi ya vidole. Mawakili humpa maneno ya Kibukusu yaliyorekodiwa, naye huyasikiliza na kuyaandika kwa Kiingereza cha mahakamani. Ndiyo maana mwanawe alimnunulia visikizi vidogo vya kutia masikioni, visivyo na waya, vinavyolala katika kikasha chao kama mbegu mbili za parachichi. Vya waya havikumfaa tena, kwa sababu ncha ya kimoja ilivunjikia ndani ya tundu la laptopu na kuliziba. Laptopu yenyewe ilikuwa kuukuu, betri imekufa, haiwaki ila ikiwa ukutani penye umeme. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu.

Jumatano aliviacha visikizi mezani akaenda Bungoma, kwenye ofisi ya wakili Shweta, kuchukua kazi kwa mkono wake. Hakutaka itumwe mtandaoni. Ilikuwa sauti ya msichana mdogo akieleza alilotendewa na mtu wa nyumbani kwao. Mama wa msichana alikuwa ameketi pale ofisini, mkoba magotini, hajafungua mdomo tangu asubuhi. Nakhungu alipopokea kijiti cha kumbukumbu, flash yenye sauti hiyo, mama yule aliinuka.

"Mayi," yaani mama, alimwambia kwa Kibukusu, "nani mwingine atasikia?"

"Mimi, na hakimu atasoma."

"Hapa Bungoma wote ni watu wa kwetu. Ndiyo maana nilikataa mfasiri wa hapa. Wakisikia huko nje, ataishi wapi?"

"Nitasikiliza peke yangu," Nakhungu alisema. Na kwa kuwa neno lake si la kurudiwa mara mbili, hakulirudia.

Wakati wa kuondoka, Rotich, karani wa wakili, alimsindikiza hadi mlangoni. Alimweleza kwamba kesi itasikizwa kesho saa nane, na kwamba imekwisha kuahirishwa zaidi ya mara moja. Wazee wa upande wa mshtakiwa walikuwa wameanza kufika nyumbani kwa mama yule na maneno matamu, ati mambo ya familia humalizwa na familia. Ikiahirishwa tena, mama atachoka, na mtoto ataambiwa anyamaze.

Alhamisi asubuhi Nakhungu alifika mapema, akawasha laptopu, akafungua kikasha, akavitia visikizi masikioni. Ng'ambo ya ubao cherehani ya Hesbon ilikuwa ikinguruma, na kwaya ya kanisa lake ilikuwa ikiimba kama ilivyoimba kila siku ya Mungu. Simu ya Hesbon huwekwa ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue, na Nakhungu alikwisha kuizoea kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani. Kushoto mashine ya kukaushia nywele ilivuma juu ya kichwa cha mteja.

Laptopu ilionyesha jina la visikizi. Akabonyeza viunganishwe. Ikazunguka, ikazunguka, ikasema imeshindwa.

Akajaribu tena. Ikashindwa. Akavirudisha kikashani, akakifunga, akakifungua, akavivaa. Ng'ambo Hesbon alinung'unika kitu kuhusu simu inayojizimia wimbo, akagonga bakuli. Nakhungu hakumjali. Alizima laptopu na kuiwasha upya. Alikagua chaji, ikawa imejaa. Akafuta jina la visikizi kwenye laptopu, akaiambia itafute upya kama kwamba haijawahi kuviona, na sasa mambo yakaharibika zaidi: haikuviona kabisa. Ilimpa majina ya televisheni na spika za watu asiowajua, lakini vitu vilivyokuwa ndani ya masikio yake haikuviona.

Simu ikalia. Rotich.

"Mama, tumefika wapi?"

"Visikizi havishikani na laptopu."

"Si uweke spika tu? Weka sauti chini kidogo, umalize."

"Mtoto ananong'ona, Rotich. Nilionjeshwa mwanzo wake hapo kwenu. Spika ikiwa chini siwezi kumsikia. Ikiwa juu, Kitale nzima itamsikia."

"Kitale ni mbali na kwao."

"Kitale imejaa watu wa kwao. Sitaweka spika."

Sally alikuwa amezima mashine yake. Kichwa chake kilichungulia juu ya ubao, kwani alikuwa mrefu na kupanda stuli hakukumsumbua.

"Mama Nakhungu, hizo ni shida gani za asubuhi? Chukua simu yangu. Tia hiyo kitu kwa simu yangu, sikiliza na earphone zangu, bas."

"Asante, Sally. Haiingii kwa simu ya mtu."

"Kwani nitakula?"

"Hutakula. Lakini simu yako mtoto huichezea, mteja huishika, na wewe mwenyewe hujui kinachobaki ndani."

Mteja mmoja wa Sally, ambaye hakuonekana, alicheka. "Ni ile kesi ya huko Kimilili? Nimesikia ati msichana amekubali ni uongo."

"Wee, nani amekwambia?" Sally akauliza, na masikio yote upande ule yakasimama.

Hilo ndilo Nakhungu alilokuwa akiliogopa: mdomo uliokuwa tayari, ukingoja sauti ya kutafuna. "Dada," alisema bila kugeuka, "kama ulikuwepo, nenda Bungoma ukaapishwe. Kama hukuwepo, keti usukwe."

Mashine ya saluni ikaanza kuvuma tena.

Alihangaika hadi jua likasimama juu ya mabati. Rotich alipopiga tena, sauti yake haikuwa na adabu ya mwanzo.

"Mama, wakili yuko mahakamani. Anasema kama hatapata kitu sasa, ataomba tarehe nyingine. Na yule mama amekuja na shemeji wawili, wamemkalia kushoto na kulia. Wewe ni mtu mzima. Kwa ajili ya spika unataka mtoto apoteze kesi?"

Maneno hayo yalimwingia. Nakhungu aliitazama laptopu. Kufungua spika lilikuwa jambo la kubonyeza kidole mara moja tu. Angeweza kujiambia kwamba ni kwa faida ya mtoto, na watu wengi waungwana wangemwambia alifanya vyema. Ndivyo maovu mengi yanavyoingia nyumbani: hayavunji mlango, yanabisha hodi yakiwa yamebeba sababu nzuri.

"Mwambie wakili asiombe tarehe," alisema. "Ataipata. Na spika sifungui."

"Utaipataje sasa, bana?"

"Hilo ni langu."

Akakata simu. Hakujua angeipataje. Alichomoa visikizi masikioni kwa hasira, avitupe mezani.

Kwaya ikanyamaza.

Alisimama na visikizi mkononi. Cherehani ilikuwa ikinguruma, hivyo Hesbon alikuwepo na kazi ilikuwa ikiendelea. Lakini waimbaji hawakuwepo. Akakisogeza kisikizi kimoja sikioni. Sauti za kina mama wa kwaya zikarudi, safi, karibu kuliko zilivyowahi kuwa. Akakitoa. Ukimya.

"Hesbon," Sally aliita kutoka upande wake, mashine ikiwa imetulia, "leo umefanya toba umeacha kutupigia kelele?"

"Sijazima mimi," Hesbon alijibu. "Simu inaonyesha wimbo unaenda, na sauti haitoki. Imerogwa."

Nakhungu alizunguka ubao. Hesbon alikuwa ameinama juu ya suruali ya shule, futi ya kupimia shingoni, simu ndani ya bakuli.

"Shemasi, uliingia kwangu jana."

Hesbon hakuinua macho. "Kila mtu huingia kwako, mayi. Hata paka."

"Ulichukua visikizi vyangu."

"Mimi? Hapana."

Nakhungu alimwekea kisikizi karibu na sikio. Hesbon aliisikia kwaya yake mwenyewe ikimwimbia kutoka mkononi mwa mtu mwingine. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Ilikuwa mahubiri tu," alisema polepole. "Umeme ulipotea, kukawa na kelele za mvua. Nikavirudisha vilevile. Si hapa vitu ni vya wote?"

"Birika ni la wote. Mkasi ni wa wote. Hiki kinaingia ndani ya kichwa changu, na kazi iliyomo si yako wala yangu. Umekiunganisha na simu yako, na tangu asubuhi kila nikifungua kikasha kinakimbilia kwako."

"Sasa mbona unanisimamia kama askari mbele ya wateja? Ningeomba ungesema hapana."

"Ndiyo. Ningesema hapana. Ndiyo maana hukuomba." Sauti yake haikupanda. "Na kukanusha umekanusha kabla sijamaliza kuuliza. Hayo utayazungumza na kanisa lako. Mimi nataka Bluetooth izimwe, na jina la visikizi vyangu lifutwe, nikiona kwa macho yangu."

"Nangoja mteja anipigie."

"Atakupigia. Simu haitazimwa. Futa."

Hesbon alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye heshima zake, na kidole chake kilikaa juu ya kioo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akafuta. Akageuza simu, mama aone.

"Umefurahi?"

"Sijaja kufurahi," Nakhungu alisema, akarudi kwake.

Alivirudisha visikizi kikashani, akabonyeza kitufe cha chini na kukishikilia mpaka taa ikaanza kuwaka na kuzimika. Akaiambia laptopu itafute. Jina likatokea. Akabonyeza. Ikazunguka kidogo, na sauti ndogo ikalia masikioni mwake kuonyesha vimeshikana. Kwanza alifungua faili nyingine, hotuba ya zamani ya mkutano wa mahindi, akavua kisikizi kimoja kuhakikisha kwamba laptopu yenyewe imenyamaza. Ilikuwa imenyamaza. Ndipo akakivaa na kukifungua kijiti cha wakili.

Mtoto alianza kwa kutaja jina lake na darasa lake. Sauti ilikuwa nyembamba, na mara kwa mara ilisimama, na mtu mzima mmoja akamwambia asiharakishe. Nakhungu alipiga chapa. Neno alilolisikia ndilo aliloliandika. Palipokuwa na kilio aliandika kwamba alilia, na palipokuwa na kimya aliandika kimya. Hakulainisha kitu, wala hakukitia chumvi. Alichokisema mtoto yule hakimo katika habari hii, wala hakitakuwamo, kwa maana msomaji naye hakuwa miongoni mwa wale ambao mama alikubali wasikie.

Sally alichungulia mara moja juu ya ubao. Aliona machozi yakimtiririka jirani yake na vidole vikiendelea kupiga bila kusita, akashuka stuli taratibu. Yule mteja mwenye mdomo aliuliza jambo kwa kunong'ona, na Sally akamwambia ainamishe kichwa.

Kazi ilikwisha kabla ya saa nane, ikatumwa kwa wakili peke yake. Nakhungu alifuta nakala iliyokuwa kwenye laptopu, akaondoa kijiti, akakitia ndani ya kitambaa kifuani. Hakula. Alikaa akiitazama simu yake ya vitufe hadi ilipolia.

"Inasikizwa, mama," Rotich alisema. Alikuwa akihema kama mtu aliyetoka nje haraka. "Hakimu ametoa watu wote, amesoma mwenyewe. Hakuna tarehe mpya iliyoombwa, wanaendelea ndani sasa hivi. Wale shemeji wako hapa nje kwenye benchi pamoja nami."

"Na mama?"

"Yuko ndani na mtoto."

"Hao walio kwenye benchi wamekuuliza kilichoandikwa?"

"Wameuliza."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia sikusikia."

"Basi endelea kutosikia," Nakhungu alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akaegemea kiti.