Ala za Sigaa

Sigaa ni kitu cha kudeka. Sigara ya kawaida ukiikalia utainyoosha na kuivuta hivyo hivyo ilivyopinda. Sigaa, ile nene inayoviringwa kwa majani matupu ya tumbaku, ukiitia mfukoni ukainama mara moja kufunga kiatu, imepasuka. Ikipata jasho la mwili inavimba. Ikikauka inabambuka. Mimi sijavuta hata moja maishani mwangu, lakini niamshe usingizini sasa hivi nitakueleza kila namna inavyoharibika.

Nilizijulia kwa baba. Baba yangu alikuwa akijalidi vitabu, nyumbani kwetu Magogoni, huku Kisauni. Kazi yake kubwa ilikuwa misahafu: watu wakimletea iliyofumuka, naye akiishona upya na kuitia jalada. Siku moja, miaka miwili mitatu kabla ya uhuru, alikuja msimamizi wa baa wa hoteli moja ya ufukweni upande wa Bamburi. Mtu mstaarabu, kanzu imepigwa pasi ikanyooka. Wageni wake walikuwa wakinunua sigaa tatu tatu za kwenda nazo matembezini, na kisanduku chake cha mbao hakiingii mfukoni. Mfuko wa ngozi alikwisha kuujaribu, ukazitia sigaa harufu ya kiatu.

"Nataka ala, sheikh. Mfano wa ala ya kisu, lakini ya karatasi," akasema.

Baba akacheka kwa adabu. "Mkono huu unashika maneno ya Mungu, bwana wangu. Usinitie kwenye tumbaku."

Nami nilikuwa nyuma ya pazia nikisikiliza, kwani nilikuwa na kazi gani nyingine? Nilikuwa nimerudi na talaka yangu kutoka Likoni, nashinda nikitazama dari. Nikapaza sauti: "Mikono yangu mimi ipo bure!" Mama alinifinya mpaka nikaruka. Lakini baba alifikiri, akaniruhusu kwa masharti. Meza yangu iwe uani. Gundi yangu, brashi yangu, kisu changu. Chochote kilichogusa tumbaku kisivuke kizingiti cha chumba chake cha kazi, na kabla ya kumpelekea chai ninawe kwa sabuni.

Ala yangu ya kwanza ilikuwa bahasha tu, karatasi nene imekunjwa. Mama akajitolea kuijaribu kwa kuikalia. Mama alikuwa mnene, Mungu amrehemu, na hakukaa kwa huruma. Tulipofungua, ndani mna ugoro. Tulicheka hata baba akagonga ukuta kutunyamazisha. Ya pili niliviringa karatasi kwenye mpini wa mwiko nikapata mrija. Sigaa iliingia vizuri, kutoka ikakataa. Ukiivuta inaliacha jani lake la nje humo humo.

Ya tatu ndiyo iliyosimama. Ndani nilikunja karatasi mikunjo mikunjo ikafanya mifereji mitatu, kila sigaa na mahali pake, nikaisugua nta ya nyuki isinywe jasho. Nje nikaweka ganda gumu la vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya mwenzake. Mtu akitaka sigaa haivuti, anavuta ganda, na sigaa inabaki imekaa. Nilibuni mwenyewe, hakunifundisha mtu, na sioni haya kusema kwamba nilijivuna.

Shida ilikuwa ganda. Kadibodi mpya ya dukani ilijikunja kwa unyevu wetu huu ikafanya tumbo. Baba, yule yule asiyetaka kusikia habari za tumbaku, akasema kutoka chumbani bila ya kunitazama: "Karatasi mpya haijatulia. Bandika za zamani, tano kwa pamoja, uzikandamize mpaka zikauke." Nikafanya hivyo, na ganda likawa gumu, likanyooka, wala halikupinda tena.

Karatasi za zamani nyumbani kwetu zilikuwa namna mbili. Zenye herufi za Kiarabu, iwe dua, iwe barua, iwe orodha ya nazi, hazikatwi wala hazikanyagwi, maana huenda jina la Mwenyezi Mungu limo. Hizo zilitiwa katika mfuko ukutani, na mfuko ukijaa baba huenda kuzizika mahali safi. Zenye herufi za Kizungu zilikuwa karatasi tu, za kujalidia, za kufungia bizari, za kuwashia moto. Alikuwa akizileta kaka yangu, karani wa bohari ya mizigo ya reli huko Changamwe: fomu zilizoharibika, zilizopigwa chapa upande mmoja. Nyumba nzima ni yeye peke yake aliyekwenda skuli ya serikali. Mimi nilisoma chuoni tu, chuo cha Kurani, na herufi za Kizungu kwangu zilikuwa mikwaruzo.

Kaka alihamishiwa bara wakati mimi niko kwa mume, Likoni. Barua zake zikija, jirani yetu mwalimu wa skuli ndiye aliyemsomea mama. Hayo nilihadithiwa tu. Mimi niliporudi alikwisha kuacha kuandika, akawa analeta salamu kwa vinywa vya watu wa treni: mzima, kazi nyingi, atakuja inshallah.

Msimamizi wa baa alipoiona ala alitia sigaa zake tatu, akaiangusha sakafuni, akaikanyaga kidogo, akafungua. Nzima. "Wallahi, bibiye, wewe ni fundi," akaniambia. Akataka dazeni nne kabla ya Ijumaa, kwa sababu kundi la wageni lilikuwa laondoka. Nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alhamisi asubuhi, zimebaki ala kumi hivi, karatasi zikaniishia.

Mama alikuwa Likoni tangu juzi yake, kwenye matanga ya jamaa. Nikafungua kasha lake la kanga kutafuta kitambaa kikuukuu cha kupangusia gundi, na chini kabisa nikakuta bunda la fomu za reli, zile zile, zimefungwa kwa utepe wa kanga. Nikafurahi! Nikasema, mwone mama huyu na choyo chake, kaficha karatasi nzuri mimi nahangaika. Nikazigeuza. Nyuma pana mwandiko wa mkono, wa wino. Fomu zote za kaka zilikuwa na mwandiko wa mkono mahali fulani. Nikaona ni mambo ya ofisi.

Na hapa nataka nieleweke. Sikuzikata ovyo. Niliketi nikazikagua moja baada ya moja, mbele na nyuma, nisije nikapitisha kisu kwenye jina la Mungu. Sikuona hata herufi moja ya Kiarabu. Lau kaka angeandika bismillahi tu, pale juu, kwa herufi tulizofunzwa chuoni, ningeziacha. Hakuandika. Nikasema alhamdulillahi, nikashika kisu, nikazikata vipande vya upana wa vidole vinne, nikazipaka gundi, nikazibandika. Mpaka alasiri bunda lote lilikuwa maganda, na Ijumaa asubuhi msimamizi akaja akazichukua ala zote.

Haukupita hata mwezi. Mtu wa treni alikuja, safari hii hakuleta salamu. Alikaa barazani akaomba maji, akayashika asiyanywe, na baba akajua kabla hajaambiwa. Kaka yangu alikufa kwa homa huko bara, na alikwisha kuzikwa siku tatu kabla ya habari kutufikia. Hatukumwosha, hatukumsalia akiwa mbele yetu, hatukuona hata udongo wa kaburi lake. Mama alilia akakauka.

Watu walipomaliza kutuhani na kutuliwaza na kuondoka, mama aliniita.

"Abee, mama."

"Nitolee barua za mwanangu kashani, ukamwite mwalimu anisomee."

"Barua zipi, mama?"

"Zile karatasi za reli. Alikuwa akiniandikia nyuma yake, maskini. Karatasi za bure."

Ningeweza kusema sijaziona. Panya ni wengi, mchwa ni wengi, nyumba ya makuti haikosi kisingizio. Lakini nilimtazama macho yake nikashindwa.

"Nimezibandika kwenye ala, mama. Sikujua."

"Zote?"

"Zote."

"Umezikata?"

"Nimezikata, mama."

Hakunipiga. Hakunilaani. Nilimwomba anilaani, nilimpigia magoti, nikamwambia, "Nigombeze, mama, nitukane!" Akageukia ukutani akajifunika ukaya usoni, akalala hivyo hata magharibi. Mpaka leo natamani angenipiga kibao, kimoja tu, nikajua yamekwisha.

Asubuhi nilikwenda Bamburi. Kwa miguu, naona sikufikiria jambo jingine. Msimamizi wa baa alinipokea mlango wa jikoni, akasikitika aliposikia. "Zimekwenda Ulaya, bibiye. Zimo mifukoni mwa watu, hata majina yao siyajui." Nikaketi chini pale pale kwenye maganda ya viazi, nikalia mbele ya wapishi bila ya aibu. Naye akaingia ndani, akarudi na ala moja aliyojiwekea mwenyewe. Akazitoa sigaa zake tatu akazishika mkononi, akanipa ala.

Baba aliipokea kwangu mlangoni mwa chumba chake. Ilikuwa inanuka tumbaku vibaya. Sikuvuka kizingiti, nilisimama. Akaufunga msahafu aliokuwa akiushona, akaubusu, akaupandisha rafuni, akaipangusa meza, akaiweka ala pale. "Chemsha maji," akaniambia. Akalishikilia ganda kwenye mvuke wa birika, na kwa kisu chembamba akalibandua tabaka moja moja. Kazi ilimtesa. Gundi yangu nilikuwa nimeipika kwa shabu ili ishike, nayo ilishika. Nilijilaani kwa kuwa fundi. Alitoa karatasi tupu, akatoa nyingine tupu, akatoa zilizochanika mkononi mwake, na mwishowe akatoa kipande kimoja chenye mwandiko wa kaka, urefu wa kiganja. Wino umefifia lakini upo.

Mwalimu akaja akakisoma. Mistari sita, kila mmoja hauna kichwa wala mkia.

"...visheti vimefika ila wenzangu wame..."

"...baridi ya huku mama huiju..."

"...mwambie baba ile miwani nime..."

"...usilie kwa ajili ya..."

"...si mwezi huu lakini..."

"...nikija nitakuja na..."

Alipofika "wame", mama, ambaye tangu siku ile alikuwa hasemi, akainua kichwa. "Wamevigombania mpaka wamekosa adabu," akasema. Mwalimu akamtazama. Mama akamwashiria aendelee. Kila mstari ulipokatika, yeye aliupokea akaumaliza kwa sauti ya kaka, na yale maneno yake ya dhihaka. Barua zote alikuwa amezihifadhi kifuani. Baba alifunika uso kwa mikono miwili. Nami sikustahimili. Mstari wa pili ulipokatika nilitoka nikaenda uani, nikasimama penye mti wa mlangilangi, nikaziba masikio.

Tangu hapo ikawa ada. Kila alipozidiwa na hamu, alimwita mwalimu, na kile kipande hutolewa kashani kikasomwa, na mama akajaliza. Nami kila mara nilitoka nisisikie. Nilitafuta kuni, nilitafuta maji, nilitafuta kuku asiyepotea. Mwalimu alipohamia mjini, nilikuwa nimejilazimisha kujifunza herufi za Kizungu kwake, kwa ukaidi na kwa majuto, ili kusoma iwe kazi yangu. Lakini kwa muda mrefu mama hakuniomba, nami sikujitia.

Aliniomba siku ya uhuru. Kisauni nzima ilikuwa nje, ngoma zinalia, wanawake wamevaa kanga mpya, na baba amekwenda kutazama. Mama alikuwa amekonda, hatoki tena ndani. Akaniambia nikitoe kipande. Nikaketi kitandani pake nikaanza kusoma, mstari wa kwanza, nikangoja. Mama alikuwa ananitazama tu. Nikasoma wa pili, nikangoja. Hakuumalizia. Nikafikiri amechoka, nikaisoma yote polepole mpaka ule wa mwisho.

"Nikija nitakuja na..."

Mama akanisogelea, akaweka mkono wake gotini pangu.

"Na nini?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui.