Kodi ya Mwaka Mzima

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mitatu, Mkenya, na huu ni mwaka wangu wa sita Muscat, Oman. Natunza stoo ya kampuni moja kule Rusayl. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Kila siku huandika kwenye daftari, tarehe juu, yaliyotokea chini, kwa hivyo haya nayanakili tu.

Mchumba wangu tumwite Rose. Yuko Amerika, mwaka wa mwisho wa chuo cha ufamasia, na wikendi anafanya kazi hospitalini. Tuna miaka minne pamoja. Wazee walishaenda kwao, mahari ikazungumzwa, harusi ikapangwa Jumamosi ya tatu ya Desemba, maana likizo yangu huja mara moja kwa miaka miwili na ndiyo hiyo.

Mwezi wa kumi alinipigia akaniambia tusogeze hadi Januari. Alinieleza polepole, nami nikaandika. Karo anayolipa humpunguzia ushuru kule. Lakini akiwa ameolewa na mtu kama mimi, asiye na namba yao ya ushuru, punguzo la mwaka huu linapotea lote. Nikamuuliza, si miezi mingine yote alikuwa hajaolewa? Akasema sheria haiangalii hivyo. Hata ukifunga ndoa siku ya mwisho ya mwaka, unahesabiwa ulikuwa umeolewa tangu Januari. "Tukingoja wiki tatu tu, hiyo pesa ni yetu," akasema. Sikuona kosa kwenye hesabu yake. Hadi leo silioni.

Msimamizi wangu ni Mwomani ambaye mama yake alikulia Unguja, kwa hivyo tunaongea Kiswahili. Nikamwomba anisogezee likizo. "Bwana, nna ruhusa ya Disemba tu. Januari tunahesabu mali yote, na funguo unazo wewe." Nilipomweleza sababu, alicheka mpaka akavua miwani. Akasema nimekimbilia nchi isiyokata kodi kwenye mshahara, na bado kodi imenifuata mpaka kwenye ndoa.

Nikamwambia Rose kwamba Januari nimenyimwa. Akasema basi tutafunga nikipata nafasi, muhimu isiwe Desemba.

Kwa kuongea na huyo msimamizi nimezoea kusema kodi badala ya ushuru. Jioni ile nilimpigia baba nikamwambia harusi itasogea kwa sababu Rose ana shida ya kodi. Baba akauliza, "Ya miezi mingapi?" Nilikuwa nimechoka. Nikajibu, "Ya mwaka mzima, baba." Akasema maskini msichana, yeye baba ameelewa, nisimwaibishe Rose.

Wiki iliyofuata baba alichukua wazee wawili wakaenda kwa kina Rose kusema kwamba kama binti anadaiwa kodi ya nyumba huko Amerika, sisi tayari ni watu wake, tutachanga. Baba yake Rose ni mwalimu mkuu mstaafu. Aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni nani aliyewaambia binti yake analala nyumba ya deni. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Waliondoka bila kuinywa.

Rose alinipigia akiwa kazini. Nilipomweleza jinsi baba alivyoelewa kodi kuwa ya nyumba, kwanza alicheka. "Kwa hivyo baba yako alitaka kunilipia landilodi?" Mimi pia nikacheka kidogo. Nikamwambia basi amweleze baba yake ni ushuru, yaishe. Hapo akaacha kucheka. Alisema hawezi. Baba yake akisikia ameahirisha harusi kwa ajili ya punguzo la karo, atasema amempima mume kwa mizani.

"Sema ni wewe unayedaiwa," akaniambia. "Sema ni kodi ya nyumba yako huko Muscat, wazee walichanganya."

Nikamkumbusha kwamba kampuni inatulaza bure na baba anajua. Akasema baba yake yeye hajui.

Nikamuuliza, na mwakani kukitokea hesabu nyingine?

"Tutaipiga pia," akasema, kwa upole kabisa.

Siku hiyo kwenye daftari niliandika kwamba nimepokea katoni arobaini za vichujio, mbili zimelowa. Chini yake: Rose kasema niseme ni mimi. Basi. Nimejaribu kukasirika nimeshindwa. Hata huzuni siipati. Wenzangu chumbani wakiniuliza mbona siongei, nawaambia ni jino.

Msimamizi anataka fomu ya likizo Alhamisi. Nikiandika Desemba, naenda kukaa mbele ya wazee bila bibi harusi, na itabidi niseme ukweli ambao Rose ameniomba nisiuseme. Nikiiacha, likizo imepita, na nimekubali kuwa mdeni wa nyumba nisiyokuwa nayo, mbele ya mtu ninayetaka anipe binti yake.

Baba amenipigia mara mbili leo. Halaumu mtu. Ile chai hata haitaji. Anauliza tu kama Rose amepata mahali pa kulala.

Ninyi mnaosoma, mlio na wazazi na mlio na wachumba, niambieni. Nimjibu nini?